Mangi Alizitwanga Santuri Zangu

Watu wa Mwereni wakinitaja husema, "Mbodze yule wa santuri za mashetani," kisha hutema mate pembeni. Na wateme. Mimi ni dobi. Nimefua na kupiga pasi shuka za hoteli moja pale Galu tangu mwaka uliofuata Uhuru, na mikono yangu imekauka kwa sabuni. Santuri zangu si za mashetani. Ni za muziki wa filamu za kutisha, zile ambazo mtu hukata tiketi ili aogopeshwe. Nitaeleza nilivyozipata, nilivyozipoteza, na nilivyomlipiza kisasi aliyenipotezea.

Hoteli ilionyesha filamu kila Jumamosi magharibi katika ukumbi wa kulia chakula, na sisi wafanyakazi hatukuruhusiwa kuingia. Bendera ilikwisha badilika lakini mlango wa ukumbi ulikuwa ule ule. Chumba cha dobi kilipakana na ukumbi kwa nyuma, ukuta wenyewe mwembamba, na Jumamosi mimi ndiye niliyebaki kupiga pasi vitambaa vya meza vya Jumapili. Kwa hiyo nilisikia tu. Sikuona mtu, sikuona kisu wala damu. Nilisikia fidla nyingi zikishika sauti moja nyembamba na kukataa kuiachia, na nikasimama pale na pasi ya makaa mpaka kitambaa kikaungua. Msimamizi alinifokea mbele ya wenzangu. Sikumsikia hata neno moja, kwa kuwa fidla zilikuwa bado masikioni.

Aliyeendesha mtambo wa filamu alikuwa Musau, Mkamba wa Machakos, mtu wa mzaha. Nilimngoja atoke nikamwuliza ule muziki unapatikana wapi.

"Mama, hiyo wanauza kwa santuri," akasema. "Lakini ya nini? Hiyo ni ya kuogopesha watu."

"Ndiyo hiyo hiyo ninayoitaka."

"Basi wacha nikuambie kwanza kile kilikuwa kwa picha. Kulikuwa na bibi mmoja..."

"Ukiniambia nitakuchoma kwa pasi hii, Musau."

Akacheka, lakini hakuniambia. Mwezi uliofuata aliniletea santuri iliyoachwa na mgeni dirishani, imepinda kwa jua kama ganda la ndizi. Dobi hashindwi na kitu kilichopinda. Niliilaza baina ya shuka mbili za pamba, nikapitisha pasi iliyoanza kupoa, polepole, nikaweka gogo juu yake siku tatu. Ilinyooka. Baadaye nilipata gramafoni ya betri, na kila nilipovuka Likoni kwenda Mombasa nilipitia duka la Mhindi mmoja pale Mwembe Tayari aliyeuza santuri kuukuu. Miaka sita nilikusanya hivyo. Kwa kuwa sisomi Kizungu, nilizipa majina yangu mwenyewe: Maji Yanapanda, Bibi Anayesubiri, Miguu ya Darini, Mlango.

Mara moja tu Musau aliniingiza ukumbini kwa siri ili nione picha yenyewe. Niliona mwanamume aliyepakwa unga usoni akitembea kwenye ukungu wa moshi wa majani. Nilicheka mpaka nikatolewa. Picha ni za watoto. Anayejua kazi ni yule mpigaji. Muziki wa kutisha ulio mbaya hupiga kelele mapema, wewe ukauzoea, ukajipikia chai yako. Ulio mzuri hunyamaza. Hukuachia nafasi uvute pumzi, na wewe unajua nafasi hiyo si yako, na bado unavuta. Kwa Miguu ya Darini niliihesabu nafasi hiyo: mapigo kumi na moja ya moyo. Nimeisikiliza mara mia na kila mara hufika la tisa nikatamani kukimbia.

Mume wangu Mwero alikuwa tingo wa lori, yuko Mackinnon Road leo, kesho Mombasa, nyumbani kwa nadra. Boma letu la Mwereni liliamriwa na kaka yake mkubwa, Mangi. Kila mwisho wa mwezi nilikwenda huko na gramafoni yangu na santuri nimezifunga kwenye shuka. Na katika boma zima, mtu aliyekaa nami akasikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho alikuwa mmoja tu, Kahaso, mke wa Mangi. Alikuja alasiri Mangi akiwa machungani. Aliketi mkekani, magoti ameyakumbatia, na alipenda Mlango kuliko zote. Mlango huanza kwa wimbo mdogo wa vikengele, wimbo wa kumbembelezea mtoto, kisha chini yake ngoma moja nzito hugonga, husita, hugonga. Kahaso alikuwa akiuimba huku akitwanga. Alijua kusikiliza kuliko mimi. Aliniambia, "Huyo anayegonga hataki kuingia, mwenzangu. Yuko ndani, anataka kutoka." Sikuwa nimeliwaza hilo.

Mwaka wa sabini, ng'ombe watatu wa Mangi waliharibu mimba katika mwezi mmoja. Majani yalikuwa mabaya mwaka ule, kila mtu alijua, ng'ombe wa majirani pia waliharibu. Lakini Mangi alihitaji wa kumlaumu, na mimi nilikuwa karibu. Aliingia nyumbani kwangu nikiwa kisimani. Niliporudi nilimkuta uani, kinu changu mbele yake, mchi wangu mkononi. Alikuwa akizitia santuri mbili mbili na kuzitwanga kama mahindi. Santuri ikitwangwa hailii kwa muziki, hulia kama sahani ya kawaida tu. Watu wa boma walisimama wakitazama. Niliweka ndoo chini nikamwambia, "Shemeji, hizo ni zangu." Akanijibu bila kuinua macho, "Zilikuwa."

Kumi na tatu. Sita zilipona kwa kuwa zilikuwa Galu. Na siku hiyo hiyo, aliposikia kwamba mkewe alikuwa akizisikiliza, alimpiga Kahaso kwa mwiko wa ugali, na siku zilizofuata pia. Kahaso alikwisha kimbilia kwao, Samburu ya huku pwani, mara mbili kabla ya hapo, na mara zote baba yake alimrudisha, kwa sababu mke akiondoka mwenyewe mahari hudaiwa, na ng'ombe wale walikwisha tolewa kumwolea kaka yake mke. Hayo niliyajua. Lakini nikisema kweli, nilichokilalia na kuamka nacho ni santuri zangu. Mwero aliporudi alisema, "Ni kaka yangu, nifanyeje?" Nikajibeba nikarudi Galu, na sikukanyaga Mwereni mwaka mzima.

Mwaka ule nilimwapiza Mangi kwa kila shuka niliyoikamua. Niliomba macho yake yapofuke, kisha nikaomba yasipofuke, ili aone. Nilitaka apoteze kitu mbele ya watu, na watu wale wale waliosimama uani wasimame tena wakitazama. Wenzangu wa dobi walinishauri nisamehe. Niliwaambia wakasamehe wao, santuri hazikuwa zao.

Basi siku moja saa nne asubuhi nikamwona Mangi amesimama kwenye geti la nyuma la hoteli, kofia mkononi. Nilimwita apite. Sikumpa kiti. Nilimwacha asimame katikati ya kamba za nguo, shuka zilizolowa zikimpiga mabegani, nami nikamwamkia kwa adabu zote.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Hujambo, Mbodze?"

"Sijambo. Habari za nyumbani?"

"Nyumbani salama." Kisha akazungusha kofia. "Ila Kahaso hawezi. Hali, hazungumzi. Dama amempigia ngoma siku tatu."

Dama ni mganga wa pepo. Asiyejua mambo yetu na aelewe hivi: kila pepo ana wimbo wake. Mganga humpigia mgonjwa nyimbo moja baada ya nyingine, na ukipigwa ule wa pepo wake, mgonjwa hutikisika akasimama. Hapo pepo huulizwa anataka nini, naye husema mbele ya watu, na ombi la pepo halikataliwi. Mume hutoa, apende asipende.

"Amempigia wa Kiarabu, wa Kisomali, wa Kimasai," Mangi akaendelea. "Hakuna aliyempanda kichwani. Kisha mwenyewe akaanza kuimba wimbo ambao hatuujui. Dama anasema huyo ni pepo Mzungu, na hatapanda mpaka apigiwe wimbo wake. Watu wanasema huenda wewe unao."

"Wimbo gani, shemeji?"

"Sijui jina."

"Basi niimbie."

Akatazama wale wasichana wa dobi waliokwisha acha kufua. Akaimba, sauti ya kukwaruza, ule wimbo mdogo wa vikengele. Ulikuwa Mlango. Nikamwacha aumalize.

"Huo nilikuwa nao," nikamwambia. "Uliutia kwenye kinu."

Enyi mnaosema kisasi hakishibishi, hamjala. Roho yangu ilisuuzika pale pale, nikajihisi mwepesi kama binti wa miaka kumi na sita. Na nilikuwa ndiyo kwanza nanawa mikono.

Nilimwambia tutakwenda Mombasa, na kwamba sijui jina la santuri ile, ni lazima yeye mwenyewe amwimbie mwenye duka. Jina sikulijua kweli, lakini hilo la lazima lilikuwa uongo. Mangi alitwanga santuri lakini majalada aliyatupa, nami niliyaokota yote. Jalada la Mlango lilikuwa kwenye kikapu changu, chini ya leso, tulipovuka Likoni.

Dukani palikuwa na watu. Mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye miwani, aliuliza jina, Mangi akasema hajui. Aliuliza mwimbaji, Mangi akasema hajui. "Basi imba, bwana," akasema mzee. Na Mangi, mwenye boma, mwenye ng'ombe thelathini, akasimama mbele ya kaunta akaimba wimbo wa kubembelezea mtoto. Mzee hakuutambua. Akaweka santuri moja, siyo. Ya pili, siyo. "Imba tena, kwa nguvu kidogo." Wapita njia wakaanza kukusanyika mlangoni. Wachukuzi wa sokoni walipiga makofi wakataka arudie. Aliimba siku ile mpaka duka likafungwa, na kesho yake akaanza tena, sauti imemkauka. Mimi nilikaa juu ya kreti ya soda nikimwangalia.

Adhuhuri ya siku ya pili nikaingiza mkono kikapuni. "Kumbe jalada lilikuwa humu," nikasema. "Nililisahau."

Mangi aliniangalia, na alijua. Mzee alilitazama jalada, akaenda nyuma, akarudi na santuri yenyewe. Tulikuwa tumepoteza siku mbili, na Kahaso huko nyumbani alikuwa bado hali chakula.

Ngoma ilipigwa asubuhi yake, uani pale pale palipokuwa na kinu. Watu wote wa boma walikuwepo, na baba yake Kahaso, mzee Rai, alikuwa amekuja kutoka Samburu. Kahaso ameketishwa kigodani, leso nyeupe kichwani, mifupa ya shingo imemtoka. Dama akanyamazisha ngoma. Niliweka gramafoni juu ya meza ndogo nikateremsha sindano. Vikengele vikaanza. Ile ngoma nzito ilipogonga mara ya kwanza, mama mmoja alimkamata mwanawe, na Thoya, mpiga ngoma wetu wa siku nyingi, akanong'ona, "Huyu anajua kusita." Ilipogonga mara ya tatu, Kahaso alitikisika. Kisha akasimama.

"Karibu," akasema Dama. "Wewe ni nani, na unataka nini?"

Kahaso alijibu kwa Kizungu. Dama hakujua Kizungu. Mwalimu wa shule alikijua, lakini ni mtu wa kanisa na hakanyagi ngoma. Wote wakageuka kunitazama mimi, mtu wa hoteli.

Kizungu kile nilikijua vizuri sana, kwa kuwa nilimfundisha mwenyewe. Hotelini palikuwa na bibi mmoja mgeni aliyekuwa akilewa na kusema maneno yale yale kila jioni, na tulipokuwa tukisikiliza santuri nilimwigiza ili Kahaso acheke. Maana yake ni: nataka kwenda kwetu. Kahaso aliyasema mara tatu. Aliyasema akinitazama mimi.

"Anasemaje?" akauliza Dama.

Mangi alikuwa amepiga magoti mbele ya mkewe. Watu walewale walikuwa wamesimama. Nilikuwa nimelingoja jambo hili mwaka mzima, na sikuwahi hata kuota kwamba litakuja limekamilika namna ile. Nikajiambia kwamba huyo ni pepo tu, kwamba pepo yeyote Mzungu atataka Ulaya, na nani atampeleka Ulaya? Nikapaza sauti kila mtu asikie.

"Anasema anataka santuri kumi na tatu, kama zile zilizotwangwa, na hii ya leo haihesabiwi. Zinunuliwe na mwenye boma kwa mkono wake, moja moja, azikabidhi kwa Mbodze. Na kila anapoleta moja akae chini aisikilize yote, mbele ya watu, asinyanyuke mpaka iishe."

Kahaso aliacha kutikisika. Alinitazama, kisha akaketi kigodani, akajifunika leso usoni. "Pepo ametulia," akasema Dama, na wanawake wakapiga vigelegele. Mangi aliapa kwa mkono juu ya kichwa cha mkewe kwamba atatimiza. Baba mtu alishukuru akaondoka mapema, kabla jua halijawa kali.

Naye alitimiza. Miezi kumi na tatu Mangi alikwenda Mombasa, miezi kumi na tatu aliketi uani juu ya mkeka, mikono magotini, nami naweka sindano. Na kumbe mtu yule alikuwa mwoga. Muziki uliponyamaza alishika shati lake kifuani. Kwa Miguu ya Darini alipofika pigo la tisa alikuwa akilia wazi wazi, machozi yanamdondoka ndevuni, na watoto wa boma wamejipanga ukutani wanamcheka. Nilizipangusa santuri zangu kwa kitambaa cha pamba nikazirudisha kwenye majalada yake. Nilirudiana na Mwero. Nilisalimiwa kwanza, wakubwa kwa wadogo. Siku zile nilikuwa mtu mwenye furaha, sitawadanganya.

Kahaso alipona, kama kula na kufanya kazi ndiko kupona. Hakuja tena kusikiliza. Nilimwita mara nyingi, akasema ana kuni, ana mtoto, kichwa kinamwanga. Nilidhani pepo alikuwa amemchosha.

Siku Mangi alipoleta ya kumi na tatu, nilikwenda kisimani jioni nikamkuta Kahaso peke yake anateka. Nilikuwa nimejaa maneno. Nikamsimulia jinsi mumewe alivyotetemeka, nikaigiza na uso wake. Kahaso hakucheka. Chini ya jicho alikuwa na alama mbichi, na nilijua bila kuuliza kwamba anayelizwa mbele ya watoto saa nane lazima amlize mtu mwingine saa kumi na mbili. Miezi kumi na tatu, mara kumi na tatu. Hesabu hiyo ndiyo kwanza nilikuwa naipiga.

"Mwenzangu," nikamwambia, "ungeniambia."

"Nilikuambia," akasema Kahaso. Hakukasirika, alikuwa akivuta kamba. "Mimi siku ile sikuwa na pepo, Mbodze. Nilikuwa na akili zangu zote. Nilikaa na njaa siku nane ili waamini. Pepo angeomba kurudi kwetu, Mangi angenipeleka mwenyewe, na baba yangu asingedaiwa hata kwato ya ng'ombe. Nilichagua Kizungu kwa sababu pale wa kukijua ulikuwa wewe tu."

Nilitaka kumwambia apige tena ngoma, aseme tena, safari hii nitatafsiri neno kwa neno.

"Pepo haombi mara mbili," akasema, kana kwamba amenisikia.

Akaikaza kata yake kichwani, akajitwika ndoo, akashika njia ya kwenda kwa Mangi.